Kompyuta Yetu Ilikuwa na Mtu Ndani

Tulimwita Mtaalamu, na mpaka leo nikisikia mtu mwingine anaitwa hivyo huwa nageuka kutazama, nikikuta siye nasonya. Alizaliwa wapi, msiniulize. Baba yake nani, kabila lake lipi, hayo nayo msiniulize, maana nilifanya naye kazi miaka na hakutamka hata siku moja. Ukimwuliza, alikujibu kwa swali. Wengine wana kikohozi kisichopona, wengine wana ubishi. Yeye alikuwa na maswali.

"Mama Upendo," ataniambia asubuhi, hata mkoba sijauweka, "ukiingia humu bohari, jicho lako linaanza kutazama wapi?"

"Linatazama kama chai imechemka."

Anaandika. Haki ya Mungu, aliandika: chai.

Bohari yenyewe ilikuwa ya shirika moja la umma la zana za kilimo, hapa hapa Dodoma, upande wa Kizota, karibu na reli. Plau, majembe, pampu, vipuri vya trekta. Watu wa Bahi, wa Kondoa, wa Mpwapwa, wote walikuja kwetu. Tulikuwa watumishi saba. Mimi nilikuwa karani wa kutoa vitu. Bi Mwanahawa, Mrangi wa Kondoa, mcha Mungu mwenye ulimi kama wembe, alikuwa karani wa kuvipokea. Mzee Ndahani alishika funguo. Waliobaki wanne walikuwa wa kubeba na kupanga, na hao nitawaacha wapumzike, ndivyo walivyozoea.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya Majengo yalikwisha kujaa kila kitu, kuanzia redio mpaka viatu vya mitumba, na mashirika ya umma yakaambiwa yajitegemee au yajifie. La kwetu likaletewa mradi wa kompyuta na wafadhili. Tangazo likabandikwa ukutani, na halikuficha kitu: kompyuta ikishazinduliwa, kamati itakuja kuangalia bohari inahitaji watu wangapi, na watakaozidi watapunguzwa. Minong'ono ilisema watabaki wawili. Mimi mume wangu alikwisha kutangulia mbele ya haki, na wanangu pamoja na mama yangu kule Mpwapwa walikula kwenye mshahara wangu ule ule mmoja. Kwa hiyo Mtaalamu alipoingia siku ya kwanza na kalamu sikioni, nilimtazama kama mtu anavyomtazama seremala aliyekuja kumpima jeneza naye bado mzima.

Akasema anataka kutuuliza tungependa kompyuta iweje.

"Yaani kuku anaulizwa aliwe kwa mchuzi gani," akasema Bi Mwanahawa.

"Kwani wewe ungependa mchuzi gani?" akauliza Mtaalamu, na kalamu ikatoka sikioni.

Hakuwa anatania. Alikuwa amesoma nchi za baridi, na alisema huko kote alirudi na jambo moja tu: kiatu hupimwa mguuni. Chombo asichoulizwa mtumiaji, alisema, ni chombo cha mtu mwingine. Tukamwuliza mtumiaji ndiyo nani. Akatuonyesha kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka Mzee Ndahani aliyekuwa amesinzia mlangoni.

Sasa nisikilizeni niwaambie ukweli. Kuulizwa ni kutamu. Katika shirika lile, tangu niajiriwe, sikuwahi kuulizwa kitu na mkubwa yeyote isipokuwa ufunguo uko wapi. Leo anakuja msomi mzima, anakaa juu ya kreti la soda, anakuuliza unapendaje. Tulimchukia, lakini tulianza kuwahi kazini.

Kompyuta halisi ililetwa na gari la mizigo, ikawekwa mezani, Bi Mwanahawa akaifunika kitambaa chake cha kufuma chenye maua. Ikabaki hapo. Mwaka ule maji ya bwawa la Mtera yalikuwa yameshuka mpaka umeme ukawa mgeni, unakuja ukitaka na unaondoka bila kuaga. Mtaalamu hakujali. Alisema kompyuta yenyewe si muhimu, cha muhimu ni uso wake, na uso unaweza kutengenezwa kwa kitu chochote. Basi akachukua boksi la friji mpya ya Meneja, akatoboa dirisha, akalipaka rangi ya kijivu iliyobaki kwenye matrekta, akachora vitufe kwa mkaa. Ndani akaweka kigoda. Akaingia, akajifungia.

"Mimi siyo mimi," sauti ikatoka ndani ya boksi. "Mimi ni kompyuta. Msiniambie kitu. Nibonyezeni."

Mzee Ndahani, ambaye aliamini kitu kikibonyezwa kibonyezwe kweli, alipeleka kidole kwenye kitufe cha kwanza kikapenya mpaka ndani na kumfika kompyuta jichoni. Kompyuta ikasema "Aah!" Halafu, baada ya muda, ikasema kwa upole, "Mzee, ulitarajia nini kitatokea?"

Huyo ndiye Mtaalamu. Jicho lilivimba wiki nzima, naye akawa anatembea akimweleza kila mtu kwamba hilo ni funzo kubwa kuhusu vitufe.

Ukibonyeza, alikuwa anachomoza karatasi dirishani yenye maneno. Usipoyapenda, unamwambia, anayafuta, anaandika mengine. Hivyo ndivyo tulivyoitengeneza kompyuta yetu, neno kwa neno. Karatasi ya kwanza iliandikwa: TAJA KITU UNACHOTAKA. Mzee Ndahani akaisoma polepole, akarudi mlangoni kwake.

"Vipi, mzee?"

"Hajui nimelalaje, ananiuliza nataka nini. Huyo si mtu."

"Ni kompyuta, mzee."

"Hata kama. Amelelewa na nani?"

Tukakaa kikao. Ikaamuliwa kwamba kompyuta ianze na "Mbukwa", kama wanavyosalimiana watu wa hapa, halafu iulize umelalaje, halafu nyumbani hawajambo, halafu mifugo, halafu mvua. Bi Mwanahawa akasema watu wa Kondoa nao wana salamu zao na hawawezi kumezwa. Zikaongezwa. Ikawa kabla hujapata nati moja ya plau umeshasalimiana na boksi mpaka mate yamekauka. Mtaalamu alifurahi mno. Nikamwambia inachelewesha kazi. Akaniuliza, "Na wewe mteja akija, huwa unamsalimia muda gani?" Nikaona aibu, maana ni mrefu kuliko huo.

Halafu likaja la msiba. Mzee Ndahani aliuliza: je, kompyuta ikisema nyumbani hawajambo, na mtu akajibu kuna msiba? Itaendelea kumwuliza habari za nati? Tulitazamana. Jambo zito lile. Ikapitishwa bila kupingwa kwamba mtu akitaja msiba, kompyuta impe pole na ifunge mpaka kesho. Meneja aliposikia alisema watumishi watafiwa na ndugu kila Ijumaa. Ni kweli shangazi wa mmoja wa wale wanne alikufa zaidi ya mara moja mwaka ule, lakini kanuni ilibaki.

La tatu lilikuwa la Bi Mwanahawa. Mtaalamu alikuwa ameweka karatasi inayotokea ukishajibu, imeandikwa: UNA UHAKIKA? Bi Mwanahawa aliisoma, akavua miwani.

"Inaniita mwongo?"

"Hapana, Bi. Inataka kuthibitisha tu."

"Nimesema magunia manane. Nimeyahesabu kwa macho yangu, nina udhu. Halafu boksi la friji linaniuliza kama nina uhakika!"

Siku mbili hakuongea na boksi. Mtaalamu alimwomba radhi akiwa nje, akamwomba tena akiwa ndani, kwa sababu Bi alisema aliyemtukana ni kompyuta, siyo yeye. Karatasi ikabadilishwa ikawa: NIMEKUSIKIA, MAMA. Hiyo Bi aliipenda, na mara nyingine alikuwa anapita kuibonyeza tu bila kazi.

Kuhusu majibu, alituuliza ni yapi huwa tunawapa watu mara nyingi kuliko yote. Tukafikiri kwa uaminifu. Vikatokea vitufe vitatu: NJOO KESHO, MWENYE UFUNGUO AMETOKA, na KIPO LAKINI HAKIPO. Hicho cha mwisho kilimshinda kuelewa. Ikabidi nimweleze kwamba kitu kinaweza kuwa rafuni, unakiona, unakigusa, lakini kimewekewa mtu, kwa hiyo hakipo. Alinitazama muda mrefu. Akasema, "Mama Upendo, kule nilikosoma hawana kitufe hiki." Nilijivuna siku nzima.

Meneja naye akadai kitufe. Mtaalamu akamwuliza kifanye nini. Meneja akasema, "Kiwepo." Kikawepo, kikubwa kuliko vyote, chekundu, na hakikufanya kitu chochote. Mtaalamu alisema ndicho kitufe pekee kilichopatikana bila mabishano.

Msidhani alikuwa malaika. Mtu huyu aliyemwuliza hata Mzee Ndahani rangi ya dirisha la boksi, nyumbani kwake alimjengea mke wake jiko la matofali bila kumwuliza neno. Nilikwenda siku moja kumjulia hali, nikamkuta mkewe anapika nje kwa mafiga, jiko jipya limejaa kuku. Mlango wa kuni ulikuwa upande wa ukutani. "Hapa nyumbani, shoga," akaniambia, "mimi si mtumiaji." Tulicheka mpaka ugali ukaungua. Na kingine: kuuliza alijua, kuulizwa hakujua kabisa. Aliwahi kuja kazini ana malaria, anatetemeka ndani ya boksi mpaka boksi lenyewe linatetemeka. Nikamwuliza, "Mtaalamu, unaumwa?" Karatasi ikachomoza: KWA NINI UMEULIZA? Nilitamani kulichana boksi lile.

Basi ikafika siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi alitoka mbali, na gari lake, na watu wa kumbebea koti. Viti vilikodishwa, soda zikaja, wanafunzi wakaimba, ngoma ya Kigogo ikapigwa mpaka vumbi likatanda. Umeme, kama kawaida, haukuwepo. Mpango ulikuwa mgeni akate utepe kwenye kompyuta halisi, isemwe tu kwamba itawashwa baadaye. Lakini utepe, walipoupima, ukawa mrefu mno kwa kompyuta ile ndogo iliyofunikwa kitambaa, na mmoja wa wale wanne, kwa kupenda kitu kikae vizuri, akaufunga kwenye boksi.

Mgeni rasmi akaliendea boksi moja kwa moja. Nilimwona Meneja anafungua mdomo, na nikamwona anaufunga. Nani atamwambia mgeni rasmi, mbele ya umati, kwamba amekosea? Mkasi ukakata. Makofi. Mgeni akabonyeza kitufe cha mkaa, na Mtaalamu, ambaye alikuwa amejibanza mle ndani akijaribu tu kulihamisha boksi lisimzuie mgeni njia, akafanya alichozoea. Karatasi ikachomoza: MBUKWA. UMELALAJE?

Mgeni rasmi alikuwa mtu wa adabu. Akajibu kwamba amelala salama. Wakasalimiana hivyo, yeye na boksi, nyumbani, mifugo, mvua, huku watu wa kubeba koti wamesimama juani. Mwisho akaomba nati za plau. Ikachomoza: KIPO LAKINI HAKIPO.

Mgeni akacheka mpaka akashika meza. "Hii," akasema, "imetengenezwa hapa hapa nchini! Inatumia umeme kiasi gani?"

"Haitumii, mheshimiwa," akasema Meneja kwa sauti ya mtu anayekata roho.

"Haitumii kabisa? Na Mtera ilivyo?" Akawageukia watu wake. "Andikeni hilo."

Ndiyo ikawa imezinduliwa. Mtaniuliza, kwani hawakujua mle ndani kuna mtu? Ndugu zangu, boksi lilikuwa linapiga chafya. Walijua. Lakini kitu kikishazinduliwa na mgeni rasmi, wewe ni nani useme si chenyewe? Ile kompyuta halisi ikabaki chini ya kitambaa, kwa maana mradi mmoja hauzinduliwi mara mbili. Boksi likapewa chumba. Mzee Ndahani akaagizwa alilinde na mchwa, akaliinua juu ya makopo yenye mafuta ya taa. Mtaalamu akawa anaingia asubuhi na kutoka jioni, na kwa kweli kazi ilikwenda, tena vizuri, kwa kuwa alikwisha kuijua bohari ile kwa maswali yake kuliko hata sisi tuliokaa humo.

Sherehe ikaisha, na lile tangazo la ukutani likabaki. Kompyuta imezinduliwa, kwa hiyo kamati inakuja. Ikasemwa tena kwamba wajumbe wamesoma habari za kompyuta yetu na wameifurahia, na kwamba badala ya kubishana na watumishi, wataiuliza yenyewe inahitaji watu wangapi.

Siku hiyo sikula. Bi Mwanahawa alisali hata zisizokuwa za wakati wake. Mtaalamu akatuita, akakaa juu ya kreti lake, akatoa kalamu sikioni.

"Kamati itabonyeza," akasema. "Mnataka ijibu nini?"

Hata wale wanne waliamka.

"Utasema tunachotaka?" nikauliza.

"Nimewahi kusema kingine?"

"Saba," akasema Bi Mwanahawa haraka, kabla hajabadili nia. "Sema saba."

Mimi nikasema, "Nane. Na wewe umo, Mtaalamu. Bila wewe hilo ni boksi la friji."

Akatikisa kichwa. "Hapana, mama. Watumiaji ni saba. Mimi ni fundi, na nyumba ikiisha fundi anakusanya vyombo vyake." Akatabasamu kidogo. Nikasema haya, kama ndivyo unavyoona. Chai ikaletwa, kikao kikaisha.

Kamati ilikuwa watu watatu. Mwenyekiti alikuwa mfupi, na mkoba wake alikuwa haushushi hata akikaa. Pamoja naye walikuwa mama mmoja wa kuandika na kijana mmoja mpole mwenye shati jeusi. Mwenyekiti, kwa ukubwa, akampa kijana aanze kubonyeza. Mbukwa, umelalaje, salama. Nyumbani hawajambo?

Kijana akasita. "Tumemzika mama juzi," akasema.

Karatasi ikatoka polepole: POLE SANA, NDUGU YETU. KAZI HAIMSHINDI MAMA. TUTAENDELEA KESHO. Na dirisha likafungwa.

"Ifungueni!" Mwenyekiti akafoka.

"Haifunguki, mzee," akasema Mzee Ndahani. "Ndivyo ilivyo."

Mwenyekiti akamgeukia yule kijana kwa macho makali, kana kwamba alimzika mama yake makusudi ili kukwamisha kamati. Lakini kijana alikuwa amekwisha kukaa juu ya gunia, machozi yanamtoka. Alisema huko ofisini kwake alipewa safari hii siku ile ile aliyorudi mazikoni, na hakuna aliyemwambia pole mpaka leo. Bi Mwanahawa akampelekea maji, akakaa naye, akamwuliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Mimi nililia pia. Nilikuwa na sababu zangu.

Kesho yake wakarudi. Mwenyekiti akabonyeza mwenyewe, akajibu "salama, salama, salama" kabla hata karatasi hazijatoka. Tulisimama nyuma yake wote saba, na nilikuwa nimemshika Bi Mwanahawa mkono bila kujua, kucha zangu zimemwingia.

"Bohari hii inahitaji watu wangapi?" Mwenyekiti akauliza kwa sauti, kama anaongea na kiziwi.

Karatasi: SABA. NA WOTE WAPO HAPA.

Mama wa kuandika akaandika. Bi Mwanahawa akasema alhamdulillahi chini kwa chini. Mwenyekiti alikuwa ameshageuka kuondoka, halafu akakumbuka kitu, akarudi.

"Na mtaalamu wa mradi? Bado anahitajika?"

Nilitaka kusema. Haki ya Mungu nilifungua mdomo. Lakini aliyeulizwa ni kompyuta, siyo mimi, na kalamu ilikuwa inasikika ikikwaruza mle ndani. Karatasi ikachomoza, mwandiko wake ule ule wa kulala upande: HAHITAJIKI.

"Mmeona?" akasema Mwenyekiti, na kwa mara ya kwanza akaushusha mkoba. "Hii ndiyo mashine ya haki. Haimpendelei hata aliyeitengeneza."

Walipoondoka Mtaalamu akatoka kwenye boksi, amelowa jasho, akajifuta kwa leso. Akatupa mkono wa kwaheri mmoja mmoja. Tukampa pole, tukampa ahsante, naye ahsante hakuziweza kamwe, akawa anatazama dari. Mwisho wa mwezi akapewa barua yake, akaondoka na kalamu sikioni. Mkewe akauza wale kuku, wakahama.

Mkitaka kujua nani alikaa ndani baadaye, tulikaa kwa zamu. Mimi nilikuwa kompyuta Jumanne na Alhamisi. Kazi ngumu ile, mgongo unauma, na watu wakibonyeza hawana huruma. Tulikwenda hivyo mpaka shirika lenyewe likauzwa, na mnunuzi akataka majengo tu, hakutaka plau wala watu wala boksi. Lakini kufikia hapo Upendo alikuwa amemaliza shule na wadogo zake wamefika mbali, na mama yangu alikwisha kuzikwa kwa heshima. Nilikula miaka ile kwa sababu ya karatasi moja, na nililijua hilo.

Nilikuja kumwona tena miaka imepita mingi, zama hizi za bodaboda na simu za mkononi. Nilikuwa nimeingia biashara ya mchele, msimu wa mavuno napanga chumba Bahi, nyuma ya mashine ya kukoboa. Adhuhuri moja natoka mashineni, namwona mzee amesimama kivulini na kimfuko cha mchele, nywele zote nyeupe, anamwuliza dereva wa bodaboda kwa nini anapenda kukalia pikipiki upande ule. Nikasema, huyu siyo mwingine.

"Shikamoo, Mtaalamu!"

Alinitazama. Halafu, "Mama Upendo! Marahaba. Nywele umezificha kwa sababu gani?"

"Zimekuwa nyeupe kama zako, kuna swali jingine?"

Tukacheka. Akaniambia mkewe alifariki, watoto wako mbali, yeye anafundisha hesabu kwenye shule moja ya watu binafsi, si kila siku, wanapomwita. Baada ya bohari yetu hakupata kazi ya kompyuta tena. Kila alipokwenda waliuliza mradi wake wa mwisho ulikuwaje, naye akaeleza, wakadhani anawadhihaki. Alisema hayo anacheka, lakini shati lake lilikuwa limeliwa kola, na viatu sitaki hata kuvisema.

Nikasema, "Mtaalamu, siku ile ya kikao mimi nilisema nane."

"Nakumbuka."

"Ukakataa."

"Nilikataa." Akautazama mfuko wake wa mchele. "Mama Upendo, mtu akikaribishwa chakula, kwanza anasemaje?"

"Anasema ahsante, nimeshiba."

"Na mwenye nyumba anafanyaje?"

Bodaboda ikaondoka, vumbi likatupita.

"Mlinikaribisha mara moja tu," akasema.

Nikapandwa na hasira, hasira kabisa, ningeweza kumpiga. "Si ungesema! Mtu unayeuliza watu mpaka wanalalaje, unashindwa kusema nataka? Sisi tungejuaje? Umetoka Ulaya, tukajua huko hapana ni hapana!"

"Ulaya nilisoma tu," akasema. "Sikulelewa huko."

Tulisimama hapo. Mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma nyuma yetu, na chumbani kwangu wali ulikuwa umeiva, na samaki, nimeviacha vimefunikwa.

"Twende ukale," nikamwambia.

"Ahsante, mama. Nimeshakula."

"Twende."

"Kweli nimeshiba, usijisumbue."

Nikamnyang'anya ule mfuko wa mchele, nikauweka kichwani, nikatangulia. "Twende, nimesema." Nilipofika mlangoni nikageuka, nikamkuta yuko nyuma yangu, anavua viatu.